San Andreas kwa anayeanza leo: uongo wa vibandani na ukweli wake

Gemu ya GTA San Andreas ilitoka Oktoba 2004 kwenye PS2, mwaka uliofuata ikaingia kwenye kompyuta na Xbox, na mpaka leo bado kuna watu wanaianza kwa mara ya kwanza, sasa shida ni kwamba huyo anayeanza kabla hajashika pedi ameshajazwa maneno na kaka zake. Wengi huku kwetu tuliijulia kwenye vibanda vya gemu, unalipia dakika zako, memori kadi ni ya wote, karatasi ya chiti (kodi za siri za kujipa vitu kwenye gemu) imebandikwa ukutani, na kwa staili hiyo mtu anaweza kucheza miaka kadhaa akaijua kila kona ya Grove Street, mtaa wa nyumbani wa mhusika, halafu stori yenyewe hajaivuka hata robo. Uongo mwingi umezaliwa hapo.

"Ile ni gemu ya kuua watu na kuiba magari tu, haina stori"

Anayesema hivi alikuwa anaruka video zote za katikati. Ni mwaka 1992, Carl Johnson, yani CJ, anarudi Los Santos baada ya miaka mitano Liberty City kwa sababu mama yake ameuawa. Hajafika hata nyumbani anasimamishwa na polisi fisadi anaitwa Tenpenny (sauti ni ya Samuel L. Jackson mwenyewe), wanamchukulia hela zake, wanamwambia watambambikia kesi ya mauaji ya askari, alafu wanamtupa kwenye mtaa wa Ballas, maadui zake, aondoke na baiskeli. Hapo hujabonyeza kitu chochote cha maana bado na tayari unamchukia mtu.

Na kile kikosi cha Tenpenny, C.R.A.S.H., jina hawakulitunga. Polisi wa Los Angeles walikuwa nacho kweli kikosi cha magenge chenye jina hilo, kikaja kuchafuka vibaya mwishoni mwa miaka ya 90 kwenye skendo ya ufisadi ya kituo cha polisi cha Rampart. Mwaka 1992 nao haukuchaguliwa kwa bahati, ndo mwaka ambao tarehe 29 Aprili mahakama iliwaachia askari walioonekana kwenye video wakimpiga Rodney King, raia mweusi, na Los Angeles ikawaka moto siku kadhaa. Ukifika mwisho wa gemu utaona kwa nini nimelitaja hili, siharibu. Cha kuchekesha ni kwamba studio iliyotengeneza hadithi hii ya mitaa ya California, Rockstar North, iko Edinburgh, Uskoti.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza kwa mgeni ni mdogo tu, usiruke video.

"Pedi mbovu, CJ hapigi shabaha, gari linateleza ovyo"

Hii ndo dhana inayowatoa watu wengi mapema, na mimi naona ndo yenye raha kuliko zote ukishaielewa. CJ anaanza akiwa dhaifu kwa makusudi. Kila kitu anachofanya kina kipimo chake: kuendesha gari, pikipiki, baiskeli, pumzi ya kukimbia, mapafu, misuli, mafuta ya mwili, na kila aina ya bunduki ina ujuzi wake peke yake. Bastola ya kawaida ukiitumia sana mpaka ukafika juu kabisa anaanza kushika mbili, moja kila mkono, na hapo yule yule uliyekuwa unamtukana kwamba hajui kulenga anafagia mtaa. Pikipiki nayo mwanzoni anarushwa kwa kugonga kitu kidogo tu, ukiizoea anashikilia.

Kuna gym hapo hapo Ganton, karibu na nyumbani. Nenda, nyanyua vyuma, ila usidhani utajaza misuli kwa mkupuo mmoja, ukizidisha unaambiwa inatosha rudi siku nyingine, na siku ya gemu ni dakika 24 tu za kwako maana sekunde moja ni dakika moja kule. Kula pia ni lazima. Ukimwacha na njaa muda mrefu mafuta yanaisha, yakishaisha inaliwa misuli uliyoihangaikia. Ukimlisha piza mfululizo kama umetumwa, anatapika hapo hapo mbele ya kaunta.

Na hivi vipimo sio urembo. Huko mbele San Fierro kuna misheni ya majini haikupi ruhusa kuianza mpaka mapafu yafike kiwango fulani, watu wanakwama hapo wanadhani gemu imeharibika kumbe wanatakiwa waende baharini wakapige mbizi. Shule ya urubani nayo ni lazima uimalize, na hiyo mzee jiandae kisaikolojia.

"Dunia yote iko wazi, nenda unakotaka"

Sio mwanzoni. Miji iko mitatu, Los Santos, San Fierro na Las Venturas, na hiyo miwili ya mwisho inafunguka kwa kufuata stori. Ukilazimisha kuogelea au kuruka kwenda huko mapema unapewa nyota nne za polisi (nyota ndo kipimo cha jinsi wanavyokusaka) papo hapo. Jaribu mara moja ucheke, alafu rudi kazini.

"Ukipata nyota ni kukimbia tu mpaka polisi wachoke"

Ukiwa na nyota nyingi hawachoki hao. Dawa ni gereji ya kupaka rangi, Pay 'n' Spray, ingia na gari, likitoka na rangi mpya nyota zinaanza kuwaka na kuzima. Hapo ndo watu wanajikaanga, mtu anatoka gereji anagonga polisi wa kwanza anayemuona, nyota zote zinarudi. Tulia mpaka zipotee kabisa. Na usiingie na gari la polisi, hawalipokei. Njia nyingine ni vile vinyota vinavyoelea kwenye vichochoro, kila kimoja kinakupunguzia nyota moja.

Ukikamatwa au ukifa silaha zinaondoka zote, kwa hiyo sevu kabla ya misheni, sio baada ya kulia.

"Misheni ya treni haiwezekani bila chiti"

Wrong Side of the Tracks, ile ya kumbeba Big Smoke, mshikaji wa CJ, kwenye pikipiki kufukuza treni lenye Vagos, genge la maadui, juu ya mabehewa. Imevunja urafiki hii. Ukweli ni kwamba wengi wanakosea kwa bidii, wanalisogelea treni mpaka wanakaribia kulilamba, na ukiwa chini karibu hivyo risasi za Smoke zinaishia kwenye ubavu wa behewa wakati jamaa wako juu. Wewe kaa mbali kidogo upande wa kulia, ulingane na wale watu, usiwapite wala usibaki nyuma, na ushike mwendo huo huo umwache yeye amalize. Angalia mbele tu maana treni nyingine inaweza kuja kwa upande wa pili. Kazi yako pale ni udereva, ya kupiga ni yake, lawama ndo atakupa wewe zote.

"Chiti hazina madhara"

Zile za kawaida sawa, HESOYAM ya kompyuta inakupa afya, kinga na dola 250,000, kwenye PS2 ni ile R1, R2, L1, X na mishale ambayo wengine mnaijua kuliko namba ya NIDA. Lakini kuna chiti ya kufanya raia wote wafanye fujo, na ukishaiweka ukasevu, haitoki tena. Madhara yake huyaoni leo. Unaendelea na stori mpaka Las Venturas, unamkuta Madd Dogg, yule rapa, amesimama juu ya paa anataka kujirusha, unatakiwa upeleke lori la maboksi chini umdake, sasa kwenye hiyo sevu iliyochafuka anaruka kabla hujaligeuza lori. Kila ukirudia anaruka. Masaa yote yale yamekwenda na maji, unaanza upya.

Mbadala wa halali upo na hausemwi sana vibandani kwa sababu unakula muda. Chukua gari la wagonjwa, bonyeza R3 (namba 2 kwenye kompyuta), maliza ngazi 12 kwa mkupuo mmoja, kipimo cha afya kinarefuka moja kwa moja. Gari la polisi kwa mtindo huo huo kinga inaongezeka. Fanya mapema ukiwa bado Los Santos utanishukuru kwenye misheni za mwisho.

"Bigfoot yupo msituni, binamu yangu alimuona"

Hayupo. Aliyeonekana kwenye video ni wa modi, yani gemu iliyochezewa na mashabiki, mtu kamwongeza mwenyewe. Yale magari yanayotembea bila dereva kule msituni Back o' Beyond ndo kweli yapo, ila hayana jini, gemu inayaweka kwenye mteremko na yanaserereka yenyewe. Rockstar waliona kelele zilivyo kubwa wakaja kumtania kila mtu na habari za Bigfoot kwenye GTA V mwaka 2013.

"Shusha San Andreas ya PPSSPP, MB chache tu"

PPSSPP ni programu ya kuchezea gemu za PSP kwenye simu, na San Andreas haijawahi kutoka kwenye PSP. Zilizotoka huko ni Liberty City Stories, Vice City Stories na Chinatown Wars, basi. Unachopewa na hizo linki ni Vice City Stories iliyovalishwa nguo za CJ, au ni faili la kukuzungusha kwenye matangazo mpaka bando linaisha. Ya simu halali ilitoka Desemba 2013 na ni kubwa, sio ya kufinywa ikaingia kwenye MB mia mbili. Toleo jipya la 2021 lilitoka na makosa mengi mpaka kampuni ikaomba radhi. Kama una kompyuta ya kizee usiogope, ile ya asili iliomba prosesa ya 1 GHz, RAM ya MB 256 na nafasi kama GB 3.6, ila kwenye setingi acha Frame Limiter (kidhibiti cha kasi ya picha) ikiwa imewashwa, ukiizima CJ anaogelea kama kafungwa mawe.

"Ni katuni, waache watoto wacheze"

Uingereza iliwekewa alama ya 18. Mwaka 2005 Marekani ilipandishwa mpaka daraja la watu wazima pekee baada ya kugundulika vipande vya ngono vilivyofichwa ndani, ikabidi watoe toleo lililosafishwa, na hata hilo lililosafishwa lina matusi kila sentensi. Kama dogo ana miaka tisa mwekee mpira.