Presha ya kupanda ni nini hasa

Neno "presha" limetuponza. "Usinipe presha," anasema mtu anayedaiwa kodi ya nyumba, akimaanisha usinitie wasiwasi. Mwingine anasimulia jinsi presha ilivyompanda kwenye foleni, kumbe alikasirika tu. Kisha daktari naye analitumia neno hilohilo kwa ugonjwa, na mgonjwa anatoka pale akiamini kwamba presha ni kitu utakachokisikia kikija. Ndiyo maana wapo wanaomeza vidonge siku kichwa kinapouma, na kuviacha siku wakijisikia wazima.

Presha ya damu, au shinikizo la damu kama vitabu vinavyoandika, ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Kila mtu anayo. Asiye nayo tumeshamzika. Ugonjwa ni pale nguvu hiyo inapozidi na kubaki juu siku nenda siku rudi, hata ukiwa umelala. Hupimwa kwa milimita za zebaki, na ukitaka kuiona kwa macho, presha ya 140 ingetosha kupandisha maji kwenye bomba lililosimama wima hadi karibu mita 1.9. Mwingereza Stephen Hales alieleza mwaka 1733 jinsi alivyochomeka bomba la kioo kwenye mshipa wa farasi, damu ikapanda zaidi ya mita 2. Bahati yetu, mwaka 1896 Mwitaliano Scipione Riva-Rocci akaja na mkanda wa kufunga mkononi.

Mashine ikisoma 120/80, namba ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikaza kuisukuma, na ya pili ni ile inayobaki moyo unapolegea. Wahudumu huziita "ya juu" na "ya chini", na hapo ndipo watu wengi wanapopotea. Mtu anaambiwa "ya chini yako ni 98", anarudi nyumbani na habari kwamba ana presha ya kushuka, anaanza kulamba chumvi na kunywa soda. Hiyo 98 ni presha ya kupanda. Kwa mtu mzima, vipimo vya siku tofauti vikiendelea kuonyesha 140 au zaidi kwa ya juu, au 90 au zaidi kwa ya chini, huo ni ugonjwa, hata kama namba iliyovuka ni moja. Marekani tangu 2017 wanaanza kuhesabu kwenye 130/80.

Dalili? Kwa kawaida hakuna. Kizunguzungu na kichwa kuuma vina sababu nyingi, kuanzia njaa hadi malaria, na kuna watu wana 170 na wanalima ekari nzima bila kulalamika. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kama wanalo. Njia ya kujua ni kupima tu, na kupima kwenyewe kuna utaratibu.

Nilimsindikiza shangazi kupima. Tulishuka kwenye bodaboda, tukapanda ngazi, na kijana wa zamu akamfunga mkanda juu ya sweta huku wakiulizana habari za nyumbani. 172/104. Shangazi akashika kichwa. Muuguzi mtu mzima aliyekuwa meza ya pili akaingilia: "Mama, vua sweta, nenda chooni kwanza, kisha ukae hapa utulie." Aliporudi akamwegemeza mgongo kwenye kiti, nyayo chini, bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, na akamkataza kuongea. Zilipopita dakika 5 akapima mara mbili. 150/94. Bado iko juu, lakini si ile ya kwanza. Akaiandika kwenye daftari na kumwambia arudi wiki inayofuata.

Presha ikiachwa hivyo kwa miaka, moyo unanenepa kwa kazi ngumu hadi uchoke, figo zinaharibika, na mshipa wa kichwani unaziba au kupasuka. Hicho ndicho kiharusi, ambacho bado tunakisingizia majini na majirani.

Matibabu huanzia jikoni. Chumvi ya siku nzima isizidi gramu 5, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha iliyomo kwenye mkate, chipsi na viungo vya mchuzi vya pakiti. Shangazi alikuwa anainyunyiza mezani kabla hata ya kuonja. Kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa wiki, kupunguza mwili na pombe, vyote vinashusha. Kitunguu saumu kula kwenye mboga, lakini hakichukui nafasi ya kidonge.

Vidonge navyo vina kazi tofauti. Amlodipini hulegeza mishipa. Losatani huzuia homoni inayoikaza. Haidroklorotiazidi hutoa chumvi na maji kwa mkojo, kwa hiyo humezwa asubuhi, usije ukakesha chooni. Wengi huhitaji aina mbili kwa pamoja. Amlodipini ikikuvimbisha miguu, au kaptopili, kidonge kingine cha presha, ikikuletea kikohozi kikavu, mwambie daktari abadilishe, usiache kimyakimya.

Miezi mitatu baadaye daftari la shangazi lilisoma 128/78. "Kwa hiyo nimepona?" akauliza. "Hiyo ni namba ya dawa, mama," akajibiwa, na kweli, jirani yake aliyeacha alirudi 160 bila kuhisi lolote. Kilichomshangaza zaidi ni kuambiwa aachane na diklofenaki aliyokuwa akinunua duka la dawa kwa ajili ya mgongo. Dawa hizo za maumivu, pamoja na ibuprofeni, hupandisha presha.

Ukikuta 180/120 au zaidi na huku kifua kinabana, pumzi inakata, uso umepinda, mkono umelegea au maneno yanakwama, ni hospitali saa hiyohiyo. Kama huna lolote kati ya hayo, tulia, rudia kupima, na ikibaki hapo mwone daktari siku hiyo. Usikubali mtu akuwekee nifedipini chini ya ulimi ishuke haraka: presha ikianguka ghafla, ubongo unaweza kukosa damu.

Mjamzito ana hesabu yake. Baada ya wiki ya 20, kichwa kikali, macho kuona ukungu au maumivu chini ya mbavu za kulia huweza kutangulia kifafa cha mimba. Huyo apimwe presha na mkojo leo, hata kama tarehe yake ya kliniki ni wiki ijayo, na losatani aliyoandikiwa kabla ya mimba amweleze daktari mapema ibadilishwe, kwa sababu inamdhuru mtoto.