Geuza kichwa, uupumzishe mgongo wa daktari: mkao sahihi kwenye kiti cha meno

Kiti cha meno kinapoanza kulala nyuma, wagonjwa wengi hukaza shingo na kuinua kichwa. Kina bibi wanaotoka Newala au Tandahimba husema bila kuficha: "Mjukuu wangu, ukinilaza chali hivi, hayo maji si nitayameza?" Swali ni la haki na jibu lake linakuja. Kwanza tuone kwa nini daktari anataka ulale, maana matibabu mengi ya meno huharibika au kunyooka kabla chombo chochote hakijaingia mdomoni.

Mdomo ni mahali padogo penye giza, na magego ya mwisho yamejificha nyuma ya shavu. Daktari asiyepanga mkao wake atalifuata jino kwa shingo: atainama, atapinda kiuno, atapandisha bega la kulia, kisha atabaki hivyo nusu saa nzima. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5. Kikikaa sawa juu ya mabega, mifupa ya shingo hukibeba bila shida. Kikiinamishwa mbele, misuli ya nyuma ya shingo ndiyo inayokishikilia kisianguke, na mzigo wake huongezeka kila unapozidi kuinama. Msuli uliokazwa muda mrefu bila kulegezwa hubana mishipa yake yenyewe ya damu, kwa hiyo huuma hata kama mtu hajanyanyua kitu kizito. Maumivu ya shingo, mabega na kiuno yanawasumbua madaktari wa meno duniani kote, na wengine huyaanza wakiwa bado chuoni.

Mgonjwa asidhani hayo ni ya daktari peke yake. Mkono usio na mahali pa kuegemea hutetemeka, na jicho linalotazama kwa pembe huacha ugaga chini ya fizi au huziba jino huku uozo umebaki.

Mchonga vinyago wa Kimakonde hazunguki kulifuata gogo. Hukaa, akaligeuza gogo mpaka sehemu anayotaka kuichonga imtazame. Nasi tufanye hivyo hivyo: kiti kipande au kishuke, mgonjwa ageuze kichwa, daktari asogeze kigoda chake. Mgongo ubaki ulivyo.

Daktari akae akiwa ameegemea vizuri, nyayo zote mbili sakafuni, magoti chini kidogo ya nyonga. Viwiko vikae karibu na mbavu. Mdomo wa mgonjwa uletwe kwenye kimo cha viwiko hivyo, au juu yake kidogo, na umbali kutoka machoni hadi kwenye jino uwe kama sentimita 35 hadi 40. Kosa ninaloliona zaidi ni kiti cha mgonjwa kuwekwa juu mno. Daktari anadhani ameileta kazi karibu, kumbe amejilazimisha kufanya kazi mabega yakiwa yamepanda. Shingo inaweza kuinama, lakini isizidi nyuzi 20 hivi.

Mahali pa kukaa tunapafundisha kwa uso wa saa. Kichwa cha mgonjwa ni katikati ya saa, namba 12 iko nyuma ya utosi, na 6 iko upande wa miguu. Daktari anayetumia mkono wa kulia hufanya kazi kati ya 8 na 12, na kazi kubwa hufanyika kati ya 10 na 12. Msaidizi hukaa upande wa pili, kati ya 2 na 4, kigoda chake kikiwa juu ya cha daktari kwa sentimita 10 hadi 15 ili aone ndani ya mdomo. Vyombo hupitishwa karibu na kidevu na juu ya kifua, kamwe si juu ya macho ya mgonjwa. Anayetumia mkono wa kushoto hugeuza mpango wote.

Kwa meno ya juu mgonjwa hulazwa chali kabisa, kidevu kikiwa juu. Wengi wetu hapo ndipo tunapojiponza, kwa kutaka kuliona kila jino moja kwa moja. Meno ya juu hutazamwa kwa kioo. Kujifunza kufanya kazi kwa kutazama kioo kunachosha mwanzoni, kwa kuwa mkono unaona kama unakwenda kinyume, lakini aliyekwishazoea hana haja ya kuchungulia chini ya mdomo wa mtu. Kwa meno ya chini, mgongo wa kiti hupandishwa kidogo na kidevu hushushwa, ili mdomo ukifunguliwa meno ya chini yawe karibu sambamba na sakafu. Taa iwekwe karibu na mstari wa macho ya daktari, la sivyo kichwa au mkono wake utatia kivuli palepale anapotaka kuona.

Kung'oa jino ni habari nyingine, maana wengi hung'oa wakiwa wamesimama. Kwa jino la juu, mdomo uwe kwenye kimo cha kiwiko au chini yake kidogo. Kwa jino la chini, kiti kishuke zaidi na mgonjwa akae wima zaidi. Gego la chini kulia humtaka daktari wa mkono wa kulia ahamie nyuma ya mgonjwa, naye alishikilie taya kwa mkono wa kushoto. Asiyehama hulipa kwa kiuno.

Sasa maji ya bibi. Maji yanayopoza mashine hutuama sehemu ya nyuma ya mdomo, na msaidizi huyafyonza kwa mrija. Pumua kwa pua. Ukipumua hivyo, nyuma ya ulimi hukutana na kaakaa laini na njia ya kooni huzibika. Ukiinua kichwa ghafla wakati chombo kinazunguka, hapo ndipo penye hatari. Inua mkono wa kushoto, daktari atasimama. Daktari asiyekwambia ishara hiyo mapema, muulize.

Wapo wasiofaa kulazwa chali. Mama mjamzito aliyepita wiki 20 hivi akilala chali, uzito wa mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Atasikia kizunguzungu, jasho jembamba na kichefuchefu. Alazwe kwa kuegemea upande wa kushoto, na khanga iliyokunjwa chini ya nyonga ya kulia inatosha. Mwenye moyo dhaifu au anayebanwa na pumzi akilala, atibiwe akiwa nusu ameketi. Mzee mwenye kibiongo awekewe mto, asilazimishwe kunyooka. Mtoto mdogo hukaguliwa akiwa ameketi mapajani mwa mama yake, wakitazamana, kisha kichwa chake kikalazwa kwenye mapaja ya daktari aliyeketi mbele yao, magoti yakigusana. Mwenye dawa za presha asiruke kutoka kitini kazi ikiisha. Akae dakika moja au mbili kwanza. Haya yote uyaseme kabla kiti hakijashuka.

Tunapokwenda shule za msingi huko Nanyumbu au Liwale hatuna kiti cha umeme. Njia ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine wala umeme, ilianza kutumika hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980 kabla ya kusambaa duniani. Mtoto hulazwa juu ya meza au madawati yaliyounganishwa, kitu laini kikiwekwa chini ya kichwa, naye daktari huketi nyuma ya utosi akiwa na tochi ya kichwani. Meza ikiwa fupi, iwekeni juu ya matofali imara. Ikiwa ndefu, tafuteni kiti kirefu kwa daktari. Siku ya watoto wengi, dakika tano za kupanga meza humwokoa daktari na juma zima la kulala na maumivu.

Neno moja kwa wanaonunua vifaa katika halmashauri zetu. Kiti cha mgonjwa huchaguliwa kwa makini, lakini kigoda cha daktari huchukuliwa chochote kilichokuja nacho. Kikague: kipande na kushuka, kiwe na magurudumu matano, kisishuke chenyewe mtu akikaa. Mgongo wa kiti cha mgonjwa uwe mwembamba ili magoti ya daktari yapite chini yake. Ukiwa mnene, daktari atakaa mbali na atainama tu, hata awe amefundishwa vipi. Na kabla ya kulipa, mleteni mtumiaji mfupi kuliko wote na mrefu kuliko wote wakikae.