Kirikuu ya kulala porini: anza na kutu, kisha pima uzito

Wengi wanaoniletea Suzuki Carry, kigari cha mizigo tunachokiita kirikuu, gereji hapa Arusha wanataka tuanze na hema la juu, taa za ziada na matairi makubwa. Mimi naanza chini ya gari. Kirikuu iliyozeeka Japani ndipo iletwe huku imeshafanya kazi miaka mingi, na kama ilikaa Hokkaido, Niigata au sehemu nyingine za theluji, basi kila msimu wa baridi ilipita kwenye barabara zilizomwagwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo inajificha kwenye mikunjo ya chesisi na kula chuma taratibu. Ukinunua kwa mnada, omba karatasi ya ukaguzi kabla hujalipa. Kwenye mchoro wa gari ulio katika karatasi hiyo, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Gari linaweza kupewa alama nzuri kwa ujumla, na bado C ikakaa mahali pabaya.

Gari likishafika, chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo ulale chini. Gonga chesisi kuanzia nyuma ya matairi ya mbele, fuata ukingo wa sakafu pale unapokanyaga ukipanda, kisha nenda mpaka zinaposhikwa springi za nyuma. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, na ukikisukuma kwa ncha ya bisibisi inazama, unga mwekundu unamwagika usoni. Ogopa sana rangi nyeusi nzito iliyopakwa chini ili gari lionekane jipya. Naikwangua yote kwa brashi ya waya, kwa sababu chini yake ndiko kutu inakofugwa. Mchwa wa chuma hawa hawatibiwi kwa puti. Sehemu iliyooza inakatwa mpaka chuma safi, linachomelewa bati la unene uleule, inafuata redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu), kisha rangi yenyewe. Ndani ya mabomba ya chesisi napuliza nta ya kuzuia kutu, na matundu ya kutolea maji nayazibua yote. Kazi hii haipendezi kwenye picha, lakini mteja akiniambia fedha inatosha kitu kimoja tu, namshauri tufanye hii.

Upande wa injini, nyingi ninazopokea ni DA63T, toleo lililotengenezwa kati ya 2002 na 2013. Injini yake ni K6A ya cc 658, silinda 3, inayotumia cheni ya taimingi. Matoleo ya zamani yenye F6A yanatumia mkanda, na mkanda usiojulikana ulibadilishwa lini unabadilishwa siku hiyohiyo. K6A ni alumini yote, kwa hiyo haivumilii joto la kupita kiasi. Ikichemka mara moja, silinda hedi inaweza kupinda na gasketi ikaungua. Injini yenyewe iko chini ya viti, rejeta iko mbele, na maji yanasafiri kwa mabomba marefu kati ya viwili hivyo. Mabomba hayo yakague kwa kutu, mipira yake badilisha, na ukijaza kulanti upya hakikisha hewa yote imetoka huku hita ikiwa wazi. Tafadhali usikubali fundi akutolee themostati eti gari lipoe vizuri. Themostati ikiwa mbovu, weka mpya. Na maji ya bomba matupu ndiyo yanayoozesha mfumo kutoka ndani.

Breki, shokapu, bushi na boljointi sina maneno mengi: kilichochoka kinatoka.

Sasa uzito, jambo linaloniuma kila nikikutana na kirikuu imejazwa vyuma. Kwa sheria ya Japani, gari la daraja hili linabeba mzigo wa kilo 350 mwisho, na watu wawili wa mbele wanahesabiwa kilo 55 kila mmoja. Tupige hesabu. Wewe na mwenzako mkiwa na kilo 80 kila mmoja, mmeshaula mzigo kwa kilo 50. Hema la juu ni kama kilo 60. Fremu nzito ya kulibeba, 70. Maji lita 40 ni kilo 40. Jokofu dogo na betri ya pili, 40. Dumu la petroli la lita 20 ni kilo 15. Tairi la pili la akiba na zana, 30. Hapo tumefika 305, na bado hujapakia unga, sufuria, gesi, viti wala nguo. Halafu hema limekaa juu kwenye gari lenye upana usiofika mita moja na nusu. Kwenye njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, penye makorongo na miteremko ya pembeni, uzito ulio juu ndio unaolaza gari.

Kwa hiyo mimi nawashawishi wateja walale ndani ya bodi. Bodi ya Carry ina urefu wa karibu mita 1.9 na upana wa mita 1.4, wanatosha wawili. Natandika plaiwudi usawa wa kingo, chini yake yanaingia masanduku ya vyakula na zana, juu unakaa godoro jembamba. Fremu ya kubeba turubai la juu naijenga kwa skwea paipu ya milimita 25, geji 16 (unene wa kama milimita 1.5). Mita 20 za paipu hiyo ni kama kilo 22 tu. Ukitumia ya milimita 40 yenye unene wa 3, urefu huohuo unakaribia kilo 70, na turubai halijui tofauti. Kingo za bodi zinafunguka pande tatu, kwa hiyo ukingo wa pembeni naufungia minyororo miwili usimame sawa, unakuwa meza ya jiko. Maji yakae mbele kabisa, yamegusa kabini, yafungwe kwa mikanda. Kazi ikiisha, pakia kila kitu kama unasafiri, nenda kwenye mizani ya magari, pima magurudumu ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Namba zile ndizo zinazoamua kibaki nini.

Matairi pia yana hesabu yake. Ya asili ni 145R12, kipenyo kama sentimita 54. Ukiweka 155/80R13 unafika kama 58, maana yake gari limeinuka chini ya sentimita 2, na gia zote zimekuwa ndefu kwa asilimia 7 hivi, yaani nguvu ya kuvuta imepungua. Kwenye mlima, injini ya cc 658 inaisikia asilimia hiyo. Chagua matairi yanayobeba mzigo, yaliyoandikwa LT, na kwenye mchanga punguza upepo badala ya kukanyaga mafuta. Pampu ndogo ya kujazia iwemo. Kama njia zako ni za mchanga na majivu ya Ol Doinyo Lengai, tafuta yenye kuvuta magurudumu manne, ukague mipira ya ekseli za mbele. Filta ya hewa ikung'utwe vumbi kila jioni.

Umeme nauweka mdogo: betri ya pili yenye relei yake, fyuzi karibu kabisa na betri, na waya mnene wa kutosha.

Kwa wasomaji wa Kenya, sheria yenu ya kutoingiza gari lililozidi miaka 8 imeshaifungia mlango DA63T kutoka Japani. Tafuteni DA16T, iliyoanza 2013 na injini ya R06A, au nunueni iliyokwisha sajiliwa nchini mkaikague kwa nyundo kama nilivyoeleza. Kwa sisi wa Tanzania, gari la zamani linaingia lakini linatozwa ushuru wa uchakavu, kwa hiyo jumlisha kodi zote kabla hujashangilia bei ya mnada. Na ukibadilisha rangi, kadi ya gari nayo ibadilishwe kabla hujaingia barabarani.