Meja Jenerali aliyepitwa na Brigedia

Kazi yangu ni hesabu za mifuko ya pensheni, na wanafunzi wakiniomba mfano wa kanuni isiyo ya haki huwa nawapeleka India. Mwaka 1996 mishahara ya jeshi ilipangwa upya. Brigedia alikuwa na malipo ya cheo juu ya mshahara wake wa msingi, na malipo hayo yaliingia kwenye kikokotoo cha pensheni. Meja Jenerali hakuwa nayo. Matokeo yake, Meja Jenerali aliyestaafu kabla ya Januari 1996 alikokotolewa chini ya Brigedia, mtu aliyekuwa akimpigia saluti. Serikali ilichofanya ni kumpandisha wakalingana. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ilikataa kiraka hicho: wote wa cheo kimoja, wa kabla na wa baada ya 1996, wakokotolewe kwa mshahara uleule.

Tatizo hapo ni tarehe. Tayari mwaka 1982, katika kesi ya Nakara, mahakama hiyo ilishasema tarehe ya kustaafu peke yake haitoshi kuwagawa wastaafu wa aina moja. Kwa askari jambo hili linauma zaidi, maana jeshi lenyewe ndilo linalomtoa mapema. Askari wengi wa vyeo vya chini India hutoka wakiwa na miaka 35 hadi 40, ilhali mtumishi wa kiraia wa serikali kuu huenda hadi 60. Pengo la mshahara likibaki kwenye pensheni, askari huyo ataishi nalo miaka 30 au 40.

Baada ya wastaafu wa jeshi kupiga kambi Jantar Mantar, eneo la maandamano Delhi, serikali ilitoa agizo la Novemba 2015: cheo kimoja na muda uleule wa utumishi, pensheni moja, kuanzia 1 Julai 2014. Jina tamu. Lakini soma kikokotoo. Walichukua pensheni za waliostaafu 2013, ya chini kabisa na ya juu kabisa kwa kila cheo na muda, wakapata wastani. Tuseme ya chini ni rupia 20,000 na ya juu 26,000. Kila aliye chini anapandishwa hadi 23,000, na mwenye 26,000 haguswi. Kwa hiyo cheo kimoja bado kina pensheni mbili, au zaidi. Halafu marekebisho ni kila baada ya miaka mitano, na katikati hapo mishahara inaendelea kupanda.

Machi 2022 mahakama iliona hakuna kosa la kikatiba, kwamba hiyo ni sera ya serikali. Kisheria naelewa. Kihesabu, wastani ningeuvumilia, kwa kuwa unapandisha wa chini bila kumnyang'anya wa juu. Miaka mitano ndiyo siikubali: mzee wa miaka 80 hana mitano ya kusubiri. Hata malimbikizo ya marekebisho ya 2019 yalilipwa kwa mafungu, na mahakama ilibidi ipange foleni mwaka 2023, wajane na waliopita miaka 70 watangulie.

Kuna kundi ambalo halitajwi sana. Agizo la 2015 liliwatoa wote watakaoomba wenyewe kuondoka mapema tangu siku hiyo. Luteni Kanali wawili, utumishi uleule, mmoja ameondoka kwa hiari Oktoba 2015, mwingine Desemba: kwa agizo hilo, wa kwanza ndani, wa pili nje. Tarehe imerudi kupitia mlango wa nyuma.