Maana ya kubadili muundo wa hifadhidata inayotumiwa na ofisi nzima

Mtu akifungua hifadhidata ya ofisi akarekebisha anwani ya mteja mmoja, amebadili data. Akiongeza safu mpya ya barua pepe kwenye jedwali la wateja, amebadili muundo. Kwa macho vitendo hivi viwili vinafanana, maana vyote ni kubofya, kuandika na kuhifadhi. Uzito wake ni mbali na mbali. Ukikosea anwani, umemgusa mteja mmoja na kosa linasahihishika papo hapo. Ukikosea kwenye muundo, umemgusa kila aliyefungua hifadhidata ile siku hiyo, pamoja na kila fomu na kila ripoti iliyojengwa juu ya jedwali lile.

Muundo, ambao mafundi wengi huuita skima, ni ule mpangilio wenyewe: kuna majedwali gani, kila jedwali lina safu zipi, kila safu inapokea nini (maandishi, namba au tarehe), ipi ni lazima ijazwe, ipi hairuhusiwi kujirudia, na jedwali hili linaungana na lile kwa ufunguo gani, yaani safu ipi inayoyaunganisha. Kubadili muundo ni kugusa chochote kati ya hivyo. Kuongeza safu, kuifuta, kuipa jina jipya, kubadili aina yake, kugawa jedwali moja kuwa mawili: yote yamo. Kwenye hifadhidata zinazokaa kwenye seva (kompyuta inayohudumia wengine kupitia mtandao) kazi hii hufanywa kwa amri kama CREATE TABLE na ALTER TABLE. Kwenye programu kama Microsoft Access, wengi huifanya kwa kufungua jedwali upande wa usanifu.

Jambo la kwanza linalowashangaza wengi ni kwamba hifadhidata yenyewe hukataa. Umekaa, umefungua jedwali, umeongeza safu, na unapotaka kuhifadhi unaambiwa haiwezekani kwa sababu kuna mwingine anayelitumia. Hiyo si hitilafu, ni ulinzi. Programu haiwezi kumwachia mwenzako aendelee kuandika kwenye jedwali ambalo wewe unalivunja na kulijenga upya wakati huohuo. Kwa hiyo inadai kufuli, yaani ruhusa ya kulishika jedwali peke yako mpaka umalize.

Kwenye Access ni rahisi kuona kama kuna mtu ndani. Tazama folda ilimo faili ya hifadhidata. Ukikuta faili ndogo yenye jina lilelile lakini inaishia na .laccdb (kabla ya toleo la 2007 ilikuwa .ldb), kuna aliyeifungua. Mtu wa mwisho akitoka, faili hiyo hufutika yenyewe. Wakati mwingine hubaki hata kama hakuna mtu, kwa mfano kompyuta ya mmoja ilipozimika ghafla, kwa hiyo usiifute kabla ya kuhakikisha wote wametoka kweli. Baada ya hapo unafungua hifadhidata kwa namna ya mtumiaji mmoja pekee, na hakuna mwingine atakayeweza kuingia mpaka uifunge.

Seva kubwa zina utaratibu wao, na una mtego ambao kila msimamizi anapaswa kuujua. Chukua PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata za kwenye seva. Mhasibu ameanzisha ripoti ndefu inayosoma jedwali la mauzo. Wewe unatuma amri ya kubadili safu. Amri yako inasubiri ripoti iishe, jambo ambalo ni la haki. Lakini wote wanaokuja baada yako, hata anayetaka kusoma mstari mmoja tu, wanapanga foleni nyuma ya amri yako. Ofisi nzima inasimama, na anayeangalia kwa haraka atadhani seva imekufa. Ndiyo maana wazoefu huweka kwanza kikomo cha kusubiri, kinachoitwa lock_timeout: kama kufuli halikupatikana ndani ya sekunde chache, amri ijiondoe, ijaribiwe tena baadaye.

Mabadiliko hayafanani kwa hatari. Kuongeza safu isiyolazimishwa kujazwa ni jepesi kuliko yote, maana hakuna fomu wala ripoti inayoijua bado. Kuongeza safu yenye thamani ya mwanzo kwa kila mstari kuliwahi kuwa kazi nzito, kwa kuwa jedwali zima liliandikwa upya, lakini tangu PostgreSQL 11 ya mwaka 2018 hilo humalizika mara moja ikiwa thamani yenyewe ni ileile kwa wote.

Kubadili aina ya safu ndiko kunakoumiza. Mfano ulio karibu ni namba ya simu. Aliyesanifu jedwali aliona neno "namba", akaiweka safu kuwa ya namba. Simu inayoanza na sifuri ikaingia, sifuri ikapotea, kwa sababu kwa kompyuta 0712 na 712 ni kitu kimoja. Ukiigeuza safu kuwa ya maandishi leo, umefanya jambo sahihi, lakini sifuri zilizokwisha kupotea hazirudi zenyewe. Lazima mtu azirudishe. Kinyume chake ni kibaya zaidi. Ukigeuza maandishi kuwa namba, simu iliyoandikwa kwa vistari haina pa kwenda. PostgreSQL itagoma na kuacha kila kitu kama kilivyokuwa. Access itakuonya kwamba yaliyomo kwenye mistari kadhaa yatafutwa, na ukibofya kukubali, yamekwenda. Onyo lile lisomwe neno kwa neno.

Kisha kuna kubadili jina la safu, ambako huonekana ni usafi tu. Niliwahi kufanya hivyo mchana wa siku ya kazi katika ofisi niliyokuwa nikihudumia. Safu ilikuwa "Simu", nikaiita "SimuYaMteja" ili isichanganywe na ya mtumishi. Jedwali likakubali bila neno. Baada ya muda kila aliyefungua ripoti ya wateja alikutana na kidirisha kidogo kikimtaka aandike thamani ya "Simu". Ripoti zilikuwa kwenye faili nyingine, bado zinatafuta jina la zamani, na Access isipolijua jina hudhani ni swali la kumuuliza mtumiaji. Baadhi wakaandika namba yoyote ili waendelee, wakachapisha orodha yenye simu moja kwa wateja wote.

E. F. Codd, mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM, alipochapisha mwaka 1970 makala iliyozaa hifadhidata za majedwali, alianza kwa kudai kwamba watumiaji wasilazimike kujua data imepangwaje ndani ya mashine. Dai hilo limetimia kwa mengi, lakini majina ya safu hayakufichika. Fomu na ripoti huyashikilia. Ukilazimika kubadili jina, acha nyuma ulizo lililohifadhiwa (swali kwa hifadhidata, ambalo matokeo yake huonekana kama jedwali) linaloonyesha data kwa jina la zamani, ili wasiohama bado waendelee kufanya kazi.

Kwa ofisi inayotumia Access, hatua yenye faida kubwa kuliko zote ni kuigawa hifadhidata. Majedwali hukaa kwenye faili moja ndani ya folda ya pamoja, na fomu, maulizo na ripoti hukaa kwenye faili ya pili, kila mtumishi akiwa na nakala yake kwenye kompyuta yake. Ukitaka kurekebisha fomu, unairekebisha kwenye nakala yako kisha unawagawia wenzako, na hakuna anayetolewa nje. Watu hutakiwa kutoka pale tu unapogusa majedwali, na hilo halitokei kila siku.

Siku ya kugusa majedwali, waarifu watu mapema kwa saa kamili, chukua nakala rudufu baada ya mtu wa mwisho kutoka (si kabla, maana aliyekuwa bado anaandika atapoteza kazi yake ukilazimika kurudi nyuma), na uwe umekwisha kujaribu mabadiliko yaleyale kwenye nakala nyingine. PostgreSQL hukuwezesha kufunga mabadiliko ya muundo ndani ya muamala, yaani kundi la amri linalopita lote au lisipite kabisa, na kuyatengua yote yakikwama katikati. MySQL na Oracle, programu nyingine za hifadhidata, hazifanyi hivyo: amri ya muundo ikipita, imepita, na nakala rudufu ndiyo njia ya kurudi.

Kufuta safu kuje mwisho kabisa. Ongeza safu mpya kwanza, nakili data, hamisha fomu na ripoti moja baada ya nyingine, na ya zamani uiache palepale mpaka ripoti za kufunga mwezi zitoke bila kuiulizia. Halafu ifute. Na kwenye Access, kumbuka kwamba safu iliyofutwa bado inahesabiwa kwenye kikomo cha safu 255 kwa jedwali, mpaka faili ibanwe na kukarabatiwa (amri ya Compact and Repair), kazi ambayo nayo inataka watu wote wawe wametoka.