Nyumba ni ileile, kwa nini bima si ileile?

Wiki iliyopita waliingia ofisini kwangu mtu na mdogo wake. Mkubwa kajenga Mwanga, juu mlimani, mdogo kajenga Kibirizi, karibu na ziwa. Ramani moja, fundi mmoja: vyumba vitatu, sebule, bati la geji 28. Mkubwa nilishamkatia bima ya nyumba mwaka jana. Mdogo alipoona bei yake aliirudisha karatasi mezani.

"Kaka, nyumba ni ileile. Hii hela ya juu mmeitoa wapi?" akaniuliza.

Swali lake ni la haki, na katika kazi hii ya uwakala wa bima hapa Kigoma nimelijibu kwa mdomo mara nyingi mno. Leo naliandika.

Ada ya bima ya nyumba inatokana na namba mbili. Ya kwanza ni kiasi unachokatia bima, yaani gharama ya kuisimamisha nyumba yako upya ikiteketea yote. Ya pili ni kiwango, asilimia ndogo ambayo kampuni inatoza kulingana na hatari inayoiona. Tuseme nyumba ni ya milioni 80 na kiwango ni asilimia 0.2 (natoa mfano tu, si bei ya kampuni yoyote). Ada inakuwa shilingi 160,000. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 28,800, unalipa 188,800 kwa mwaka. Kiwango kikipanda hadi 0.3, nyumba hiyohiyo inalipa 283,200.

Karibu kila anayekuja kwangu anapigania namba ya pili. Ile ya kwanza, ambayo ndiyo imewaliza wateja wangu, wanaitaja kwa kukisia. Nitairudia.

Kiwango kinaanza na vifaa vya ujenzi, na si jambo la jana. London iliungua mwaka 1666, nyumba zaidi ya 13,000 zikaisha. Miaka ya 1680 Nicholas Barbon akaanza kuuza bima ya moto: nyumba ya matofali ilitozwa asilimia 2.5 ya kodi yake ya pango ya mwaka, ya mbao asilimia 5. Mara mbili kamili. Hadi leo nikijaza fomu ya nyumba ya Ujiji, maswali ya mwanzo ni ukuta wa nini na paa la nini. Nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi ni vigumu mno kuipatia kampuni, na hilo linaniuma, kwa sababu mwenye nyumba hiyo ndiye moto ukimpata hana pa kuanzia.

Halafu umeme. Kuna nyumba nilikwenda kuikagua Katubuka. Sebule ina rangi mpya, vigae vinang'aa. Nikaomba ngazi nione juu ya dari. Nyaya zilikuwa zimeungwa kwa kusokotwa na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa nailoni, zimelazwa moja kwa moja juu ya mbao za paa. Waya uliokwenda kwenye friji na jiko ulikuwa mwembamba kama wa taa, na pale kwenye kiungo nailoni ilishayeyuka ikaganda nyeusi. Mwenye nyumba alipanda, akamulika kwa simu yake, akakaa kimya muda mrefu. Chumba cha chini ya kiungo kile ndicho wanacholala watoto. Nilimwomba atafute fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kabla sijapeleka fomu popote, akamleta wiki hiyohiyo.

Matumizi ya nyumba nayo yanahesabiwa. Ukifungua fremu ya duka mbele ukaweka madumu ya petroli, au ukapangisha chumba kwa mtu anayekaanga chipsi, hatari imebadilika na kampuni inapaswa kujua. Ukinyamaza, siku ya kudai ndiyo siku watakayojua. Nyumba ikikaa bila mtu kwa muda mrefu, mikataba mingi hupunguza kinga, hasa ya wizi. Mchwa, nyufa za uzee na bati lililooza kwa kutu havimo, kwa sababu bima hulipa kilichotokea ghafla, si kilicholika polepole. Tetemeko uliza kama limo. Tumekaa kwenye bonde la ufa, na tarehe 5 Desemba 2005 ziwa letu la Tanganyika lilitikisika kwa kipimo cha 6.8.

Sasa Kibirizi. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea maji, mto Lukuga upande wa Kongo. Yanayoingia ni mengi: Rusizi kutoka kaskazini, vijito vya milimani, na Malagarasi, ambao kupitia Ugalla unatuletea hata mvua zilizonyesha Tabora. Mvua zikizidi miaka miwili mitatu mfululizo, ziwa halina pa kuyapeleka, linapanda. Lilipanda 2020 na 2021, watu wa mwambao wakahama makwao, na 2024 likarudi tena. Mkaguzi akisoma neno "Kibirizi" kwenye fomu, hayo ndiyo anayoyakumbuka. Kinga ya mafuriko pale, ikipatikana, huja kwa kiwango cha juu, na sehemu ya hasara ambayo mwenye nyumba hujilipia mwenyewe inakuwa kubwa. Nyumba ya kaka yake iko juu mlimani, maji ya ziwa hayatafika huko.

Kuna sababu nyingine ambayo wewe huwezi kuigusa. Kampuni za hapa hazibebi mzigo peke yao. Nazo hukata bima yao, inaitwa bima mtawanyo, kwa TAN-RE hapa nchini, Africa Re, ZEP-RE, na masoko ya mbali zaidi. Kimbunga Andrew kilipoipiga Florida mwaka 1992, kampuni kadhaa kule zilifilisika na bei ya bima mtawanyo ikapanda duniani. Kwa hiyo ada inaweza kuongezeka mwaka ambao kwako halikutokea lolote.

Nirudi kwenye namba ya kwanza. Miaka kadhaa nyuma nilimkatia bima mama mmoja mjane wa Gungu. Nyumba yake kuijenga upya ilihitaji milioni 80. Akasema, "Mwanangu, andika 40, ada ipungue." Nikaandika. Nilimweleza kidogo, haraka haraka, na sikumwelewesha. Kwa hesabu ya mfano wetu aliokoa 94,400 kwa mwaka.

Moto ulianzia jikoni, ukala jiko na chumba kimoja. Hasara milioni 12. Yeye aliamini ana kinga ya milioni 40, kwa hiyo 12 zimo ndani. Mtathmini akapima nyumba nzima, akakuta imekatiwa nusu ya thamani yake. Mkataba unasema ukikata nusu, wewe mwenyewe ni mbia wa nusu nyingine, hata kwa hasara ndogo. Akalipwa milioni 6, ikakatwa na ile sehemu ya kujilipia. Ili milioni 6 alizokosa zirudi kwa kuokoa 94,400 kila mwaka, zinahitajika zaidi ya miaka 63. Barua ya kampuni nilimpelekea mwenyewe. Aliisoma barazani mara mbili, kisha akaniuliza kama nimekula.

Tangu hapo simwandikii mtu namba ya kukisia. Kiwanja kinatolewa, kwa sababu ardhi haiungui. Bei ambayo mtu angeinunua nyumba nayo haituhusu. Tunahesabu saruji, nondo, bati, mbao, vigae, ufundi, na kusomba kifusi. Na tunahesabu kwa bei za Kigoma: hapa ni mwisho wa reli, saruji na nondo vinafika vikiwa vimebeba nauli, kwa hiyo ramani iliyokisiwa bei Dar es Salaam itakudanganya. Kila mwaka kabla ya kuhuisha, hesabu inarudiwa. Aliyejenga 2018 na hajabadilisha namba yake yuko njia moja na yule mama.

Kwa hiyo nilimwambia yule mdogo kwamba namba yake ya kwanza iko sawa na ya kaka yake, isipunguzwe. Akauliza, "Na nikitoa mafuriko?" Bei ilishuka hadi karibu na ya Mwanga. Hakuitia saini. Alisema kwa jirani yake, nyumba mbili kuelekea ziwani, ukuta bado una alama ya pale maji yalipofika 2021, na msingi wake yeye aliuinua. Kiasi gani, hakukumbuka. Jumamosi nakwenda na futi kamba tupime kutoka kwenye ile alama.