Makala ya Utafiti Huhesabiwa kwa Anwani ya Mwandishi, Si kwa Mahali Utafiti Ulipofanyika

Tangu taarifa ya utafiti ya chuo chetu isambae katika makundi ya WhatsApp ya Malindi na Lamu, malalamiko yanayofika katika kitengo chetu cha takwimu za machapisho yameongezeka, na mengi yanapingana. Kuna wanaosema idadi ya makala tulizotangaza ni ndogo mno kwa chuo kinachoendeshwa kwa fedha za umma. Kuna wanaosema ni kubwa mno, kwa kuwa wao hawajaona hata makala moja. Na kuna wazee wa Lamu waliotuandikia kwa heshima zote wakiuliza kwa nini mikoko yao inapimwa miaka nenda miaka rudi, ilhali katika orodha yetu Lamu imetajwa mara chache tu. Swali la wazee ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Anayehesabu machapisho haangalii utafiti ulifanyika wapi. Anaangalia anwani ya taasisi ambayo mwandishi ameiweka chini ya jina lake. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na makala inaweza kuizungumzia mikoko hiyo kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Kama waandishi wote wameweka anwani za Ulaya, hesabu yote inakwenda Ulaya. Ni kama samaki anavyoandikwa katika daftari la diko aliposhushwa, hata kama amevuliwa mbali sana na hapo.

Wengi wakisikia hivyo husema tumeibiwa. Hapana, hatujaibiwa. Pale Kilifi, mpango wa utafiti wa KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, na Wellcome Trust, shirika la hisani la Uingereza, umekuwapo tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Oxford ni mshirika wake. Mtafiti wa pale anayeandika anwani ya Kilifi na ya Oxford ameeleza ukweli, na makala yake itaonekana katika orodha zote mbili. Hiyo ndiyo kanuni, na iko wazi kwa kila mtu. Kinachoumiza ni vitu viwili tofauti kabisa na wizi huo unaosemwa. Cha kwanza ni pale mwenyeji aliyekusanya data, akachambua na kuandika, anapoachwa nje ya orodha ya waandishi. Hilo hutatuliwa kwa mkataba wa ushirikiano kabla kazi haijaanza. Makala ikishatoka, kulirekebisha ni kazi ngumu sana. Cha pili ni walimu wetu wenyewe kuandika anwani ovyo.

Katika anwani hizo tunakutana na kila aina. Mwalimu mmoja ameandika jina la idara bila jina la chuo. Mwingine ameandika jina la zamani, kabla chuo hakijapata hati ya kuwa chuo kikuu. Mwingine amefupisha jina kwa herufi mbili ambazo taasisi nyingine nazo zinazitumia. Kompyuta haibahatishi kwa huruma. Isipoitambua anwani, makala inabaki bila mwenyewe. Tangu 2019 kuna sajili ya bure iitwayo ROR inayoipa kila taasisi ya utafiti kitambulisho chake duniani, na majarida mengi sasa yanaisoma. Mwalimu anatakiwa kuchagua jina la chuo katika orodha ya jarida anapowasilisha makala, badala ya kulichapa upya kwa namna anavyopenda.

Majina ya watu wa pwani nayo yana matatizo yake, na hapa nawaomba walimu na wanafunzi wa uzamili na uzamifu wasome kwa makini. Mifumo hii iliundwa na watu waliozoea kwamba jina la mwisho ni la ukoo na halibadiliki. Kwetu sivyo. Chukua mwalimu aitwaye Mohamed, baba yake Omar, babu yake Athman. Makala ya kwanza ametia jina kama M. O. Athman. Ya pili ni Mohammed Omar, kwa m mbili, kwa sababu mhariri aliandika hivyo na yeye hakurekebisha. Ya tatu ni Omar M. A. Ya nne babu amekuwa Othman. Mbele ya hifadhidata hao ni watu wanne, kila mmoja na makala moja, na hakuna hata mmoja mwenye kazi ya kutosha kupandishwa cheo. Upande wa pili, kuna akina M. Omar wengi kuanzia Lamu hadi Zanzibar, na kazi zao huchanganywa zikawa za mtu mmoja mwenye bidii isiyo ya kawaida, leo akiandika juu ya kansa na kesho juu ya zege.

Dawa yake ni namba ya ORCID, kitambulisho cha mtafiti mmoja mmoja, ambayo ilianza kutolewa 2012. Ina tarakimu kumi na sita, nne nne, na ya mwisho inaweza kuwa herufi X kwa sababu hutumika kukagua kama namba imeandikwa sawasawa. Ni bure, na kujiandikisha huchukua dakika chache. Nimewahi kuambiwa na mtu mwenye shahada ya uzamifu kwamba hana muda wa kujiandikisha. Muda wa kulalamika kwamba makala zake hazikuhesabiwa alikuwa nao.

Sasa nije kwenye hesabu yenyewe, kwa sababu hapo ndipo picha zinazosambazwa zimepotosha zaidi. Tuchukue makala moja ya mfano yenye waandishi sita. Watatu wanatoka chuo kimoja cha Ubelgiji. Mmoja ni wa KMFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye makao makuu Mombasa. Wawili ni wa kwetu, na mmoja kati yao ameandika anwani mbili, ya chuo na ya makumbusho anakofanya kazi pia. Kwa hesabu nzima, kila taasisi inajiandikia makala moja. Ukijumlisha orodha za taasisi hizo nne utapata makala nne, na ilhali iliyochapishwa ni moja. Kwa hesabu ya mgawo, kila mwandishi ana sehemu moja ya sita. Wa kwetu mwenye anwani moja anatupa sita yake kamili, na mwenye anwani mbili anatupa nusu ya sita yake, yaani moja ya kumi na mbili. Jumla yetu ni robo, 0.25. Ubelgiji inapata nusu, KMFRI sita moja, makumbusho moja ya kumi na mbili, na jumla ya wote inarudi kuwa moja.

Taarifa yetu ina safu zote mbili, kwanza ya hesabu nzima, kisha ya mgawo. Aliyepiga picha ya safu ya kwanza akaandika chini yake kwamba chuo kimejisifu, na aliyepiga picha ya safu ya pili akaandika kwamba walimu wamelala, wote wawili wamewanyima watu nusu ya habari. Hesabu nzima inajibu swali la chuo kimeshiriki katika kazi ngapi. Hesabu ya mgawo inajibu swali la mchango wake ni kiasi gani. Tofauti hiyo si ndogo. Mwaka 2015 jarida la Physical Review Letters lilichapisha makala ya wanafizikia wa CERN, maabara kubwa ya fizikia ya Ulaya, yenye waandishi 5,154. Kurasa zake zilikuwa 33, na 24 kati ya hizo zilijaa majina na anwani. Chuo chenye mtu mmoja katika orodha hiyo kinajiandikia makala moja sawa na chuo ambacho mwalimu wake amekaa peke yake miaka mitano akiandika juu ya magofu ya Gede.

Halafu kuna swali la daftari lipi limetumika, yaani hifadhidata ipi ya machapisho, na hili ndilo swali ambalo hakuna mwananchi hata mmoja ametuuliza, ingawa ndilo linaloamua karibu kila kitu. Web of Science ina asili yake katika faharasa ya sayansi ambayo Eugene Garfield aliichapisha Philadelphia 1964. Scopus ni ya kampuni ya Elsevier, tangu 2004. Zote mbili ni za kulipia, zote huchagua majarida ya kuingiza, na zote zimeegemea mno lugha ya Kiingereza. Google Scholar haichagui. Hukusanya kila inachokikuta, kuanzia makala iliyopitiwa na wataalamu hadi nakala ya pili ya kazi ileile na maelezo ya somo yaliyowekwa mtandaoni. Kwa hiyo mwalimu mmoja, mwaka mmoja, anaweza kuwa na makala mbili, tatu au tisa, na hakuna aliyedanganya.

Anayeumia zaidi na uchaguzi huo ni mtafiti wa mambo yetu wenyewe. Mwalimu anayesoma miswada ya tenzi za Pate na Siyu iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, akachapisha kwa Kiswahili, mara nyingi hatokei Scopus kabisa. Mwanaakiolojia anayeandika kitabu kikubwa juu ya mji wa kale uliochimbwa kisiwani Pate anaonekana hana kazi kwa miaka kadhaa, kisha anaonekana ana kazi moja. Mimi naona hilo ni kosa la kipimo, na nalisema hivyo ndani ya vikao vya chuo. Wataalamu wa vipimo hivi walishasema kitu kama hicho 2015 katika Azimio la Leiden: kanuni moja kati ya zake kumi inataka utafiti unaohusu mahali husika ulindwe. Kwa sababu hiyo tumeanza kuongezea majarida yaliyomo AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanzishwa 1998, pamoja na OpenAlex, hifadhidata ya machapisho iliyofunguliwa 2022 na ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta bila kulipa. Nayo ina makosa mengi ya anwani. Lakini makosa yake unaweza kuyaona na kuomba yarekebishwe.

Kuhusu kipimo cha h ambacho baadhi ya wazazi wamekitumia kulinganisha walimu: kilibuniwa 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch, na maana yake ni kwamba mtu mwenye h ya 10 ana makala kumi ambazo kila moja imetajwa na wengine angalau mara kumi. Hakishuki hata mtu akiacha kazi. Daktari wa malaria na mwalimu wa fasihi hawalinganishwi kwa kipimo hicho, na tafadhali msitutumie tena majedwali ya namna hiyo.

Majarida ya kitapeli yanahitaji maelezo marefu zaidi. Dalili zake zinajulikana: makala inakubaliwa kwa siku mbili tatu, hakuna maoni ya wataalamu, jina linafanana mno na la jarida la kweli, na anwani ya ofisi haipatikani. Kutoza ada peke yake si dalili. Majarida mengi halali yanayosomwa bure huwatoza waandishi. Mwalimu akague jarida katika DOAJ, orodha ya majarida halali yanayosomwa bure, au AJOL kabla ya kutuma, na atoe ushahidi wa ukaguzi huo kwenye karatasi auweke katika faili lake. Tukitilia shaka makala, hatua ni hizi. Kitengo kinamwandikia mwalimu barua ya kujieleza, nakala kwa mkuu wa idara na mkuu wa kitivo, naye anajibu ndani ya siku 14. Asipojibu, au jibu lisiporidhisha, jalada linapelekwa katika kamati ya maadili ya utafiti. Wakati kamati inaendelea, makala haihesabiwi na maombi ya kupandishwa cheo yanayoitegemea yanasimama. Kamati ikithibitisha udanganyifu, alama za makala zinafutwa, na kama cheo kilitolewa kwa alama hizo, suala linapelekwa kwa Naibu Chansela. Kitengo chetu hakihukumu mtu; kinawasilisha kumbukumbu tu. Vivyo hivyo kwa makala iliyoondolewa na jarida lenyewe: kila mwaka tunalinganisha orodha yetu na ile ya Retraction Watch, orodha ya makala zilizoondolewa, ambayo Crossref, shirika linalosajili namba za makala, ilinunua 2023 na kuifungua kwa umma, na iliyoondolewa inatoka katika hesabu hata ya miaka iliyopita. Ndiyo maana idadi ya mwaka jana inaweza kupungua mwaka huu. Hatujaficha kitu.

Mwisho, kwa wakazi ambao watafiti wamefika nyumbani kwao, shambani au kwenye vyombo vyao. Mtafiti lazima awe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa mujibu wa Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013. Muombeni awaonyeshe, mpige picha namba ya leseni na kichwa cha utafiti, na mwandike jina lake kamili kama lilivyo kwenye leseni. Hiyo si jeuri, ni haki yenu, na mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa. Leseni inamtaka awasilishe ripoti ya mwisho ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza. Kwa namba hiyo na jina hilo, sisi tunaweza kutafuta kilichochapishwa, kiwe chetu au cha chuo kingine, na kukueleza kwa Kiswahili kilisema nini. Kama jarida linalipisha wasomaji, walimu wetu wametakiwa kuweka nakala iliyokubaliwa na jarida katika hazina ya kidijitali ya maktaba, na kuisoma hapo ni bure.

Anayetaka kurekebisha kumbukumbu alete kichwa cha makala, mwaka, na namba ya DOI, yaani kitambulisho cha makala yenyewe, inayoanza na 10, pamoja na maelezo ya kosa lenyewe: jina, anwani, au makala iliyoachwa. Lalamiko la jumla kwamba "hesabu si sahihi" hatuna namna ya kulishughulikia. Tukiona kosa ni letu tunalisahihisha wenyewe; likiwa la jarida, ni lazima mwandishi mwenyewe ndiye amwandikie mhariri, nasi tunampa barua ya kuthibitisha anwani. Daftari la mwaka linafungwa tarehe 31 Januari, na maombi yatakayofika baada ya hapo yataingia katika taarifa ya mwaka unaofuata.